Povu la kifafa haliambukizi, walimu wenzangu!

Wadau, nimerudi kutoka mazoezi ya kufundisha ng'ambo ya Kamanga, na nina hasira. Kwenye pantoni mtoto mwenye sare za shule alianguka kifafa. Watu wakarudi nyuma: "Msimguse, povu linaambukiza!" Na mie, mwalimu mtarajiwa wa mwaka wa tatu, nikarudi nyuma nao. Mama muuza dagaa ndiye aliyemlaza ubavu. Aibu yangu.

Sasa nauliza, utafiti wa ubongo ni wa nani? Kule Mahenge, Dk. Louise Jilek-Aall alikuwa akitibu wenye kifafa tangu miaka ya 1960, akaandika pia habari za watoto wanaotikisa vichwa. Watafiti waliofuata wamekihusisha kifafa cha huko na minyoo ya usubi. Minyoo jamani, siyo povu, wala mashetani! Na fenobabito, dawa ya bei nafuu, inatumika tangu 1912.

Halafu mimi nimekaririshwa Piaget mihula miwili, hakuna aliyenifundisha mwanafunzi akianguka nifanye nini. Mtaniambia tunahitaji maabara na mashine zaidi. Sawa, ziletwe. Ila vyuo vinavyochunguza ubongo na vyuo vinavyofundisha walimu haviongei, na anayeumia ni mtoto anayerudishwa nyumbani "mpaka apone".

Mlaze ubavu. Usimtie kijiko mdomoni. Tazama saa, dakika 5 zikipita mkimbize hospitali. Haya nimeyasoma mwenyewe, usiku ule ule baada ya pantoni.