Kipimo cha mate kwa maumivu ya wanawake: kitatufikia lini Goma?

Anayehudhuria maombi ya akina mama katika makanisa yetu ya Goma analijua ombi hili: "Mniombee tumbo." Mara nyingi halifuatiwi na maelezo. Tunaomba, tunaitikia Amina, na mwezi ujao dada yule yule anarudi na tumbo lile lile. Huenda amekwisha kunywa dawa za maambukizi mara tano. Huenda wakwe wameanza kuuliza kwa nini hazai, na majirani wananong'ona habari za sumu.

Baadhi ya dada hao wana ugonjwa uitwao endometriosisi. Nyama laini inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake: kwenye ovari, kwenye mirija, hata juu ya utumbo. Huko inaleta uvimbe na makovu. Maumivu huwa makali wakati wa hedhi, katika tendo la ndoa au wakati wa kwenda choo, na kwa wengine mimba inakuwa ngumu kupatikana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unawapata karibu asilimia 10 ya wanawake wenye umri wa kuzaa, watu wapatao milioni 190, na kwamba hupita miaka 4 hadi 12 kabla ya mgonjwa kuambiwa anaumwa nini. Yule mwanamke wa Marko 5 naye alihesabu miaka 12, na mali yake yote ikaishia kwa waganga.

Kwa muda mrefu njia ya kupata uhakika ilikuwa upasuaji wa matundu madogo, daktari akaingiza kamera tumboni. Katika mji wetu hilo si jambo dogo. Mwishoni mwa Januari 2025, M23 walipoingia Goma, hospitali ya CBCA Ndosho ilijaa majeruhi wa vita. Pale ambapo chumba cha upasuaji kinagombewa na wenye risasi mwilini, msichana "anayeumwa siku zake tu" hana zamu.

Ndiyo maana habari kutoka Ufaransa zilitugusa. Mwaka 2022 watafiti wa huko walitangaza kipimo cha mate. Walichukua mate ya wanawake 200 waliokuwa na dalili, wakasoma zaidi ya mikroRNA 2,500, wakabaki na 109 ambazo zikiangaliwa pamoja zinatofautisha wenye ugonjwa na wasio nao. Kwa hesabu yao ya kwanza, kipimo kiliwatambua wagonjwa 96 au 97 katika kila 100.

MikroRNA ni nini? Kila seli hutuma ujumbe kutoka kwenye vinasaba vyake ili protini zitengenezwe. MikroRNA ni kamba fupi mno, ya herufi kama 22, inayoushika ujumbe huo na kuuzuia, kama askari wa bariyeri anayesimamisha lori lisifike sokoni. Victor Ambros na Gary Ruvkun waliitambua kwa mara ya kwanza katika mnyoo mdogo mwaka 1993, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2024. Mwili unapougua, bariyeri zinahama: nyingine zinaongezeka, nyingine zinaondolewa, na alama za mabadiliko hayo hupatikana katika damu na katika mate.

Hata hivyo tusikimbilie kushangilia. Miongozo ya madaktari wa uzazi wa Ulaya ya mwaka 2022 iliwashauri wasitumie bado alama za namna hii kuthibitisha ugonjwa. Orodha za mikroRNA hazilingani kutoka utafiti mmoja hadi mwingine. Watafiti wa Yale, Marekani, walitaja mikroRNA sita za damu, moja ikiwa miR-451a, ambayo imejaa ndani ya chembe nyekundu. Chembe hizo zikipasuka njiani, jibu linaharibika. Fikirini chupa ya damu iliyosafiri kwa pikipiki kutoka Masisi! Mate yangetufaa zaidi. Lakini kile kipimo cha Ufaransa kinagharimu zaidi ya yuro 800, na tangu Februari 2025 serikali yao inakilipia kwa majaribio, kwa wanawake 25,000, baada ya uchunguzi wa daktari na picha kushindwa kutoa jibu. Kwao mate ni hatua ya tatu. Kwetu picha za MRI zenyewe ni ndoto kwa familia nyingi.

Tena mate hayo ni ya wanawake wa Ufaransa. Jambo hili linatusumbua kuliko bei. Kwa miongo mingi madaktari walifundishwa kwamba endometriosisi ni nadra kwa wanawake Weusi. Mwaka 1976 Donald Chatman, daktari wa Chicago, alionyesha kwamba si wachache kati ya wagonjwa wake Weusi walioandikiwa maambukizi ya nyonga walikuwa na endometriosisi. Kosa hilo hilo tunaliona hapa. Na mashariki mwa Kongo kuna kosa la pili: wengi wamefanyiwa ukatili wa kingono, hivyo kila maumivu ya tumbo la chini yanahesabiwa kuwa jeraha la ukatili huo, na uchunguzi unaishia hapo.

Ujuzi wa kusoma RNA haukosekani kabisa Goma. Virusi vya Ebola ni vya RNA, na tangu mlipuko wa 2018 hadi 2020 mafundi wetu wamezoea mashine za PCR. INRB ina maabara yake hapa mjini. Orodha fupi ya mikroRNA inaweza kupimwa kwa mashine za aina hiyo. Hospitali za makanisa yetu, zinazowaona wagonjwa hawa kila wiki, zingeweza kudai nafasi katika tafiti zijazo, mate ya mama wa Katindo au wa Rutshuru yapimwe pia.

Hadi siku hiyo, mtu asiwauzie kipimo cha mate sokoni. Miongozo ile ile ya 2022 inaruhusu daktari kuanza tiba kwa dalili tu: dawa za maumivu, au vidonge vya homoni, vile vile vya kupanga uzazi, ambavyo wazazi wengi wanaona aibu kumpa binti asiyeolewa. Ekografi ya kawaida inaweza kuonyesha uvimbe wa ovari uliojaa damu nzito, lakini vidonda vidogo inaviacha. Karatasi iliyoandikwa "hakuna kitu" haimaanishi kwamba dada anadanganya. Kabla ya kwenda kwa daktari, anunue daftari dogo pale Birere, aandike kwa miezi mitatu siku za damu, siku za maumivu, na siku alizoshindwa kwenda shule au shambani. Mama Mchungaji anaweza kumsindikiza.