Mwacheni Kijana Amsome Willy Gamba

Safu ya Baba Achieng'

Wiki hii nimeudhika, na hasira bado ninayo. Kariobangi North, kando ya barabara ya Outer Ring, kuna mzee anayetandaza vitabu vikuukuu juu ya gunia, kati ya mama wa nyanya na muuza chaja. Wasomaji wa safu hii wanamfahamu: ndiye yule asiyeruhusu mtu kushika kitabu kwa mkono wenye mafuta ya chipsi. Sheria hiyo humlegezea mtu mmoja tu, kijana anayejifunza kuchomelea vyuma kule Light Industries. Mikono yake haitakati hata akiisugua kwa sabuni ya unga. Saa ya chakula cha mchana huja hapo, akachuchumaa, akasoma kurasa anazoweza, kisha akarudi kazini. Hanunui, na mzee hamdai.

Siku hiyo alikuwa na Kufa na Kupona ya Elvis Musiba. Jalada lilishatoka zamani na mgongo umeshonwa kwa uzi. Akaja mama mmoja, mwalimu wa Kiswahili kwa maneno yake mwenyewe, akitafuta riwaya ya Nguu za Jadi. Alipomwona kijana alikinyakua kile kitabu mikononi mwake, akakigeuza, akakitupa juu ya gunia.

"Mnasoma takataka, halafu mnashangaa kwa nini mmeishia jua kali."

Kijana akasema, "Samahani, mwalimu," akasimama. Mzee naye akanyamaza, kwa sababu mama alikuwa na pesa mkononi na siku ilikuwa kavu.

Mimi sikunyamaza. Nilimuuliza kama amekisoma. "Nikisome cha nini?" akanijibu. Basi hukumu ilikwishatolewa, na hakimu hajafungua faili.

Mwalimu, huyo unayemwita takataka alikuwa nani? Aristablus Elvis Musiba alikuwa Mtanzania, mfanyabiashara aliyepanda hadi akaongoza chemba ya biashara, viwanda na kilimo ya nchi yake. Riwaya aliandika akiwa na shughuli zake nyingine. Kufa na Kupona ilitoka 1974, na aliyeichapa ni East African Literature Bureau, hapa hapa Nairobi. Siri za wapigania uhuru zinaibwa Dar es Salaam, mji ambao kweli ulikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na mpelelezi Willy Gamba anafuata nyayo za wezi mpaka Nairobi. Mwaka 1979 ikaja Kikosi cha Kisasi, Willy akatua Kinshasa. Zikafuata Njama, Kikomo, Hofu, Uchu. Musiba alifariki 2010. Kijana wa karakana ambaye hajawahi kuvuka mpaka wa Namanga alikuwa anajifunza kutoka kwake kwamba ukombozi wa Msumbiji na Afrika Kusini ulipiganiwa pia kwenye hoteli na viwanja vya ndege vya miji yetu. Darasa gani lilimfundisha hilo?

Nakubali kwamba Willy Gamba anapiga ngumi kabla ya kuuliza, na kwamba wanawake wa Musiba mara nyingi huwa warembo kwanza na watu baadaye. Hilo linanikera kila nikimrudia. Lakini ningependa kijana abishane na Musiba juu yake, na huwezi kubishana na kitabu ulichonyang'anywa.

Dharau hii ni ya zamani. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyemzaa mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, alishinda mashindano ya uandishi kwa Mzimu wa Watu wa Kale, na kitabu kikatoka 1960. Faraji Katalambulla akaja na Simu ya Kifo 1965. Ben Mtobwa, aliyefariki 2008, akamleta mpelelezi Joram Kiango. Watu hawa waliwafanya makuli, matanboi na askari wa usiku wasome Kiswahili kwa hiari yao, bila mtihani na bila fimbo. Marekani, Dashiell Hammett aliyekuwa mpelelezi wa kampuni ya Pinkerton alijipatia jina katika jarida la bei ya chini lililoitwa Black Mask. Leo vyuo vikuu vinafundisha riwaya zake. Wetu tunawaita wachafuzi wa lugha.

Na mnajiuliza kwa nini mtoto akimaliza kidato cha nne hagusi tena kitabu cha Kiswahili! Sababu ni hiyo. Tumemfundisha kwamba riwaya ni kitu cha kuchambuliwa maudhui, dhamira na mbinu za lugha, kisha kuuzwa kwa mzee wa gunia mtihani ukiisha. Wachapishaji nao wamezoea kungoja orodha ya wizara. Mwandishi wa riwaya ya upelelezi akibisha mlango leo, swali la kwanza ni kama kitabu chake kitaingia shuleni. Jirani yangu wa ghorofa ya tatu alijifunza Kiswahili fasaha kwa Bwana Msa, akiwa mlinzi wa zamu ya usiku. Nani anamwandikia mlinzi wa leo?

Kijana nilimwambia nitamnunulia kile kitabu. Akakataa. "Kiache hapa, mzee. Nikienda nacho nyumbani nitakesha, na kesho nashika moto."

Yule mwalimu alilipa akaenda na Nguu za Jadi kwenye mfuko. Ni riwaya nzuri ya Clara Momanyi, inastahili wasomaji wanaoifungua kwa hamu. Anayekwenda kuifundisha ni huyo aliyemwambia msomaji pekee niliyemwona barabarani wiki nzima kwamba anasoma takataka.