Yule anayetangulia porini

Kule Kameruni, katika pori la kusini-mashariki, wageni wa Ulaya na Marekani wanalipa makumi ya maelfu ya dola kwa kuwinda bongo, ile nyama kubwa nyekundu ya mistari myeupe. Bongo anajificha katika majani mazito. Mgeni peke yake hamuoni. Wanaomtafuta ni watu wa Baka pamoja na imbwa. Wanasoma nyayo, wanakata njia na panga, na bongo mwenye kidonda akigeuka na pembe, wao ndio wako mbele. Mgeni anapiga risasi, anapigwa picha, anarudi kwao na pembe.

Siye watu wa shimo hiyo hesabu tunaijua: anayechimba ni huyu, anayetajirika ni mwingine.

Bongo wako hata Uele, kaskazini mwa inchi yetu. Vijana waliofutwa kazi wanatuuliza: kazi ya namna hiyo ikifunguliwa huku, twende? Hatukatazi. Angalau porini hakuna vumbi la shimo. Lakini kontra imeandikwa? Mguu ukivunjika, hospitali atalipa nani? Ukifa, bibi na watoto watapata nini? Leteni ile karatasi kwetu sendika, tuisome pamoja mbele hamujapanda kamio.