Mlango wa wakala mliufungua, wa mkopo je?

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, Nairobi

Mheshimiwa,

Wenye vibanda hawajasahau Julai 2014. Kabla ya hapo wakala wa M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu ya Safaricom, alifungwa na mkataba asihudumie mtandao mwingine. Mtandao mdogo hata ungeshusha ada, ungemfikiaje mteja na vibanda vya mtaa mzima vimeshachukuliwa? Airtel ililalamika kwenu, na Safaricom ikakubali kukiondoa kifungu hicho. Mapatano yaliyoonekana kuwa ya watu wawili yalikuwa yakimfungia nje wa tatu.

Leo nawaandikia kuhusu mapatano ya simu na benki. Huduma ya mkopo ya M-Shwari ilianza Novemba 2012, Safaricom ikishirikiana na Commercial Bank of Africa, ambayo sasa ni NCBA. KCB M-Pesa, pamoja na benki ya KCB, ikafuata 2015, kisha Fuliza 2019, na benki hizo hizo mbili. Silaumu ushirikiano wenyewe. Mama mboga ambaye hakuwahi kukanyaga benki alipata mkopo usiku, kwa simu ya mulika mwizi, bila dhamana wala mdhamini, na hilo si jambo dogo.

Ila limiti yake ya mkopo ameijenga mwenyewe, kwa alichotuma, alichopokea na alivyolipa. Kwa benki mshirika, historia hiyo inapimwa papo hapo. Akitaka kwenda kwa benki ya tatu yenye riba nafuu, itambidi aombe taarifa ya miamala, aibebe, aieleze, asubiri. Mwenye mtoto aliyefukuzwa shule kwa karo hasubiri. Anabaki alipo, na ile riba nafuu haimfikii.

Ushirikiano unaweza pia kuzaa mshindani. Benki ya Equity ilipopanda mtandao wa Airtel na kuanzisha huduma yake ya simu, Equitel, kwa laini nyembamba inayobandikwa juu ya laini nyingine, benki ilipata njia yake hadi mfukoni mwa mteja.

Sheria ya Ushindani ya 2010 inawapa mamlaka ya kuchunguza mapatano yanayobana ushindani. Mwaka 2016 mliagiza gharama ya mkopo ionyeshwe kwenye simu kabla mtu hajakubali. Naomba sasa mfungue mikataba ya simu na benki, na muagize kwamba mteja akitoa idhini, benki yoyote yenye leseni ipewe historia yake kwa kasi ile ile na kwa bei ile ile anayopewa mshirika.

Wenu,
Mkopaji na mwenye duka, Mombasa