Chombo cha angani kisiundiwe kitandani

Likizo ya Agosti iliyopita nilimtembelea dada yangu mjini Kitale, nikamkuta mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha pili, amejifungia chumbani akiunda chombo cha angani. Mwili wake ulikuwa chupa ya plastiki, mabawa ni kadibodi ya sanduku la viatu, nao ubavuni alikuwa amebandika vipande vya redio kuukuu ili uonekane wa chuma. Hakujua kwamba hata mafundi wa filamu ya Star Wars, iliyotoka mwaka 1977, walifanya vivyo hivyo. Walichukua vipande vya vifaru na ndege za plastiki za kuchezea, wakavibandika kwenye vyombo vyao.

"Mjomba, zima stima uone," akaniambia.

Nikazima. Vidirisha alivyotoboa kwa sindano ya moto viking'aa, na nyuma injini ikawaka rangi ya samawati. Nakiri nilipiga makofi.

Nilipowasha stima tena ndipo nilipokiona kitanda. Waya wa risasi, ule wa mafundi wa redio, ulikuwa juu ya blanketi. Chuma cha kuchomea kililazwa kwenye sahani ya kulia chakula. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa sababu ya baridi ya mvua. Na pale sakafuni, dada yake wa mwaka mmoja na nusu alikuwa amekwisha kuinama kuokota betri bapa, zile za mviringo mfano wa kifungo.

Wapo wazazi watakaosema dawa ni kukitupa chombo chenyewe. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Nchi hii ilirushiwa setilaiti ya Uhuru kutoka pwani ya Malindi mnamo Desemba 12, 1970, na ikangoja hadi Aprili 2023 kupeleka angani Taifa-1, iliyorushwa kutoka California. Kijana anayewasha taa kwa mikono yake si wa kukemewa. Wa kukemewa ni sisi tunaomwachia kitanda kiwe karakana.

Nianze na ile betri, maana ndiyo iliyonikosesha usingizi. Wengi wetu hudhani kitu kidogo kikimezwa kitatoka chenyewe chooni. Betri bapa ya lithiamu, hasa ile pana ya milimita 20, yaweza kukwama kwenye umio. Hapo unyevu wa mwili huiwezesha kupitisha umeme, na umeme huo huzalisha kemikali kali inayochoma nyama. Saa mbili zatosha kuleta jeraha baya, na hata betri isiyoweza tena kuwasha taa yaweza kuchoma. Mtoto aweza kukohoa tu, kutokwa na mate au kukataa chakula, mama akadhani ni homa.

Ukishuku mtoto amemeza, usimtapishe. Mpeleke hospitali yenye eksirei mara moja. Kama amepita umri wa mwaka mmoja na anaweza kumeza, mpe vijiko viwili vidogo vya asali kila baada ya dakika kumi mkiwa njiani. Asali hupunguza makali tu. Haitibu, na kama haipo nyumbani msipoteze wakati kuitafuta.

Cha kuudhi ni kwamba betri hizo hazikuhitajika. Kitaa cheupe au cha samawati cha LED hutaka takriban volti 3, na betri mbili za kawaida za volti 1.5 zikiunganishwa hutoa hizo hizo. Si rahisi mtoto mchanga kumeza betri ya ukubwa huo. Mpwa wangu alinijibu kwamba hazingeenea ndani ya chombo. Basi, nikamwambia, jenga chombo kikubwa zaidi!

Kuhusu ule waya, watu huogopa moshi wake wakidhani ni risasi. Aghalabu moshi huo hutokana na utomvu uliomo ndani ya waya. Huwasha macho na waweza kuamsha pumu, kwa hiyo dirisha lifunguliwe, baridi isibaridi. Risasi yenyewe hupitia mikononi: kijana hushika waya, kisha hushika mkate. Shirika la Afya Duniani (WHO) limesema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto wadogo ndio huathirika zaidi, hasa ubongo. Wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa walijionea waliyojionea kutokana na kiwanda cha kuyeyusha betri za magari. Waya usio na risasi upo, ingawa bei yake ni ya juu kidogo.

Gundi sitaiongelea sana. Mkazi wa Kitale aliyepita mjini jioni akawaona watoto wa mitaani na chupa zao puani hahitaji kuelezwa kemikali za gundi ya viatu hufanya nini kichwani.

Sahani ile tuliitoboa isirudi jikoni. Meza kuukuu ikahamishiwa barazani, betri zikaingia kwenye kopo linalofungwa kwa skrubu, na kijana akaagizwa kunawa kwa sabuni kabla ya chai. Nilipoondoka alikuwa akitafuta chupa ya lita tano.