Sauti Iliyosingiziwa

Uwongo ukirudiwa sana hupata heshima ya mapokeo, na mapokeo yakizeeka watu huona haya kuyahoji. Katika mapokeo ya sinema ya Marekani hakuna uwongo uliozeeka kwa raha kuliko ule usemao kwamba wanawake waliotukuka katika sinema bubu waliangushwa na sauti zao wenyewe. Husimuliwa kuwa maadamu picha zilikuwa kimya walitawala. Siku picha zilipoanza kusema walifungua vinywa, watu wakacheka, na enzi yao ikaisha. Mfano utajwao upesi ni Clara Bow. Wautajao hawajui kwamba mfano huo ndio unaoivunja hadithi yao.

Clara Bow alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1905, katika nyumba ya ufukara na maradhi. Mwaka 1921 alishinda shindano la gazeti lililotafuta nyuso mpya za sinema, na tangu hapo hakujua kupumzika. Katika mwaka 1925 peke yake alionekana katika picha zaidi ya kumi. Mwajiri wake alimwazima kwa makampuni mengine kwa faida, kama jembe liazimwavyo msimu wa kulima; tofauti ni kwamba jembe halina mishipa wala moyo. Mwaka 1927 picha iitwayo It ilimpandisha kileleni, na Wings, ya mwaka huo huo, ikatunukiwa kuwa picha bora katika sherehe ya kwanza ya tuzo za Academy, mwaka 1929. Katika mwezi wa Januari 1929 alipokea barua zaidi ya 45,000 kutoka kwa wampendao.

Ndipo sauti ikaja. Picha yake ya kwanza ya kusema, The Wild Party, ilitolewa mwaka 1929 chini ya uongozi wa Dorothy Arzner. Je, watu waliikimbia? La, waliijaza majumba. Baada ya hiyo alicheza nyingine kumi za sauti. Wasemao kwamba sauti ilimwua mwaka 1929 na watueleze marehemu huyo aliwezaje kufanya kazi hata mwaka 1933.

Itajibiwa kwamba mwenyewe aliogopa kinasa sauti. Kweli, aliogopa, na haki ya jibu hilo haikataliwi. Lakini yafaa kuulizwa aliogopa nini. Sanaa yake ilikuwa ya mwendo: mabega yaliyosema, macho yaliyokimbia, mwili usiotulia mahali pamoja. Vinasa sauti vya kwanza vilifungwa mahali pamoja, na mchezaji alilazimika kusimama karibu navyo kama mfungwa karibu na nguzo. Husimuliwa kwamba Arzner aliamuru chombo hicho kining'inizwe kwenye ufito wa kuvulia samaki, kipate kumfuata msichana aendako. Basi upungufu ulikuwa wa chombo kisichoweza kutembea, wala si wa binti aliyeweza.

Wengine hutaja lafudhi yake ya Brooklyn. Greta Garbo aliposema kwa mara ya kwanza katika Anna Christie, mwaka 1930, alisema kwa lafudhi nzito ya Kiswidi, na kampuni yake ikautangaza usemi huo kama muujiza. Lafudhi ya mmoja ilifanywa pambo, ya mwingine ikafanywa doa. Masikio yalikuwa yale yale. Tofauti ilikuwa ya mizani, na mizani ilishikwa na wenye mali.

Kilichomwondoa Clara Bow kina tarehe na kinajulikana. Ni uchovu wa miaka mingi ya kutumikishwa pasi na kiasi. Ni kesi ya mwaka 1931, ambapo aliyekuwa katibu wake alishtakiwa kwa wizi: Clara alikuwa mdai, magazeti yakamgeuza mshitakiwa, na siri za nyumba yake zikauzwa njiani kama karanga. Afya yake ikavunjika, akalazwa, na mwaka huo huo akaachana na Paramount. Hata hivyo alirudi, akacheza Call Her Savage mwaka 1932 na Hoop-La mwaka 1933 kwa kampuni ya Fox, na watu wakalipa kumtazama na kumsikia. Kisha, akiwa na umri wa miaka 28, aliiacha sinema mwenyewe, akaenda kuishi na mumewe, Rex Bell, katika shamba la mifugo huko Nevada.

Kwa nini basi uwongo umedumu? Kwa sababu una faida. Ikiwa mashine ilimwondoa, hakuna mkono wa kulaumiwa. Na ikiwa koo lake lilikuwa bovu, lawama ni yake. Msema pweke hakosi, na makampuni yalisema peke yao kwa miaka mingi. Mwaka 1952 Hollywood ilitoa Singin' in the Rain, ikauchekesha ulimwengu kwa mchezaji wa sinema bubu mwenye sauti ya kukwaruza. Ajabu ni kwamba, pale mchezoni ambapo mwanamke huyo anaonyeshwa akiazimwa sauti nzuri ya mwenzake, sauti isikikayo ni ya Jean Hagen, yule yule aliyeigiza kukwaruza! Hata dhihaka yenyewe ilisimama juu ya sauti njema iliyofichwa.

Clara Bow alikufa mwaka 1965, lakini The Wild Party na Call Her Savage zingalipo. Afundishaye historia ya sinema, kabla ya kuwakabidhi wanafunzi hukumu ya zamani, ana wajibu wa kumwita shahidi mkuu na kumwacha aseme. Kumhukumu mtu kwa sauti yake bila kumsikiliza si elimu. Ni usengenyaji uliovaa joho.