Plagi Gani Itafika Ntimaru?

Mtambo wa Gogo, kwenye Mto Kuja katika Kaunti ya Migori, huzalisha takriban megawati 2 za umeme. Ni mtambo mdogo, wa enzi za ukoloni, lakini unafaa kuwa kipimo cha hesabu ya magari ya umeme katika pembe hii ya Kenya. Chaja moja ya kasi ya kawaida huvuta kilowati 50. Magari 40 yakichomekwa kwa pamoja, Gogo yote imemalizika: hakuna kinu cha kusaga, hakuna taa ya duka, hakuna simu ya kuchajiwa.

Migori haitegemei Gogo pekee, bila shaka. Iko kwenye gridi ya taifa, na gridi hiyo hupata umeme wa mvuke wa Olkaria usiku kucha hata watu wakiwa wamelala. Ila umeme ukiwa mwingi Olkaria, haina maana kwamba ni mwingi Ntimaru. Mji huu uko Kuria Mashariki, karibu na mpaka wa Tanzania, mahali ambapo nyaya zinakaribia kuisha. Transfoma nyingi za masoko ya mashambani ni za kVA 50 au pungufu. Chaja moja ya kasi ingekula transfoma nzima, na jirani mwenye friji ya kuuzia soda angekuwa wa kwanza kulalamika.

Ndiyo maana wazo la kupeleka vituo vya kasi kila mji wa Kenya, ambalo hupigiwa makofi kwenye warsha za Nairobi, linanitia shaka. Halina ubaya kama ndoto. Ubaya wake ni kwamba linaruka swali linalotangulia: gari likifika kwenye kituo, plagi itaingia?

Magari ya umeme yanayoingia Kenya hayatoki kiwanda kimoja wala bara moja. Nissan Leaf, ambalo ndilo lililowazoesha Wakenya gari la umeme tangu kampuni ya teksi ya Nopia Ride ilipolitumia Nairobi mwaka 2018, huja kutoka Japani likiwa limetumika. Kwa kuchaji haraka lina tundu la CHAdeMO. Kwa kuchaji polepole, la Type 1. Magari mapya yaliyotengenezwa kwa masoko ya Ulaya yana CCS2, plagi ambayo Umoja wa Ulaya uliifanya ya lazima kwenye vituo vya umma kwa agizo la mwaka 2014. Kisha kuna magari ya Kichina yaliyoundwa kwa ajili ya wenyeji wa China na kuletwa na wafanyabiashara binafsi. Hayo yana GB/T. Mifumo mitatu ya kasi, barabara moja.

Mtu atasema: si kuna adapta? Zipo, na hapa ndipo wanunuzi wengi hudanganyika, maana adapta si kitu cha aina moja. Ile ya kuchajia polepole, tuseme kutoka Type 2 ya kituo, plagi ya polepole ya Ulaya, kwenda Type 1 ya Leaf, ni kifaa rahisi cha shaba na plastiki. Umeme unaopita ni wa kawaida wa AC, na kazi ya kuugeuza hufanywa na gari lenyewe. Ukinunua iliyo imara, isiyolegea na isiyopata moto, huna la kuhofia sana.

Ya kasi ni habari nyingine. Huko umeme wa DC unakwenda moja kwa moja kwenye betri, kwa hiyo gari na chaja hulazimika kuzungumza kila wakati: nipe volti kiasi hiki, punguza, nimepata joto, acha. CHAdeMO na GB/T huzungumza kwa mfumo wa CAN, uleule unaounganisha vifaa ndani ya gari. CCS hutumia mawasiliano ya aina nyingine kabisa. Adapta ya kuunganisha hizo mbili inabidi iwe mkalimani: kompyuta ndogo yenye programu yake, inayohitaji kusasishwa, na ambayo inaweza kukataliwa na chaja iliyobadilishiwa programu juzi. Bei yake ni ya kompyuta pia. Video za Marekani zinazoonyesha Ford ikichajiwa kwenye vituo vya Tesla kwa adapta nyepesi haziwezi kuwa mwongozo kwetu, kwa sababu kule plagi mbili hizo zinatumia mawasiliano yaleyale na kilichobadilika ni umbo tu.

Sasa mchukue dereva wa Kehancha, mji wa jirani na Ntimaru, anayetaka kwenda Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 300. Leaf la kilowati-saa 40 halitafika kwa chaji moja. Hata likiwa jipya lilipimwa kuwa na uwezo wa kilomita 240 hivi. Lazima asimame njiani, Kisii au Bomet au Narok, na akisimama lazima plagi imkubali. Adapta ya mkalimani inamwondolea mwenye kituo na mwenye sera mzigo wa kuamua, ikautwika mfukoni mwa dereva. Na dereva huyu ndiye aliyenunua gari la mtumba kwa kuwa jipya lilimshinda bei.

Upande wa pili wa hoja una uzito wake, na sitaki kuupita haraka. Serikali ikitangaza leo kwamba ni CCS2 pekee, itakuwa imewafungia njia wenye Leaf, yaani gari la umeme ambalo mwalimu au nesi angalau anaweza kuliota. Ikiruhusu kila kitu, mwekezaji ataogopa kununua mashine inayoweza kupitwa na wakati. Ethiopia ilipiga marufuku uingizaji wa magari ya mafuta mwaka 2024, na magari ya Kichina yakamiminika. Vituo vya umma vikabaki vichache nje ya Addis Ababa. Amri ilitangulia, miundombinu ikifuata nyuma ikihema.

Msimamo wangu ni wa katikati, ila una masharti. Kituo chochote cha kasi kitakachopata ardhi ya kaunti, fedha za umma au nafuu ya kodi kiwe na CCS2 pamoja na plagi ya pili inayolingana na magari yaliyopo njia hiyo. Mashine zenye nyaya mbili zipo sokoni na si miujiza. Mwenye kujenga kwa fedha zake aachwe achague, mradi aandike wazi langoni ni plagi gani anazo, kama kituo cha petroli kinavyoandika bei. Na vituo hivyo vikae kwenye barabara kuu ya A1, Kisii, Migori na Isebania, ambako magari ya mbali hupita.

Ntimaru yenyewe inahitaji kitu kingine. Usafiri wa huko ni Probox na bodaboda. Gari la kubeba abiria kati ya Ntimaru na Kehancha halihitaji kuchajiwa kwa dakika 30, linalala usiku. Soketi nzuri ya kawaida, ikivuta ampea 10, hutoa kilowati 2.4. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, gari limepata yuniti 19, ambazo kwa barabara mbovu na mzigo zinaweza kulipeleka karibu kilomita 100. Pia betri ya Leaf la mtumba, isiyo na mfumo wa maji wa kuipoza, hufurahia mwendo huu wa taratibu kuliko kuchemshwa na chaja ya kasi kila siku.

Saa hizo nane nimezichagua kwa makusudi. Mwaka 2023 EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati, iliweka bei maalumu ya umeme wa usafiri: shilingi 16 kwa yuniti, na shilingi 8 wakati matumizi ya nchi yako chini, kabla ya kodi na tozo. Bei hiyo iliwekwa kwa anayetumia zaidi ya yuniti 200 na zisizozidi 15,000 kwa mwezi. Sasa mpigie hesabu mwanabodaboda. Betri ya pikipiki kama Roam Air ina yuniti tatu na kitu. Akiijaza mara moja kila siku, mwezi unaisha akiwa hajafika 100. Nafuu iliyoandikwa kwa jina la usafiri safi inamruka yule ambaye usafiri safi umemfikia kwanza, kwa kuwa vyombo vingi vya usafiri vya umeme Kenya ni pikipiki.

Dawa iko karibu: mita moja ya stegi ya bodaboda. Waendeshaji wanne au watano wa chama kimoja wakichaji betri zao mahali pamoja wanavuka 200 bila shida, na Kenya Power inapata mteja mmoja anayelipa badala ya soketi tano za kubahatisha. Lakini hapa tunarudi kwenye plagi, kwa sura mbaya zaidi. Pikipiki ya kampuni ya Spiro haikubali betri ya kampuni ya Ampersand, na kwa mifumo yao ya kubadilisha betri iliyoisha kibandani, betri si ya mwenye pikipiki. Kampuni ikiondoa kibanda chake, pikipiki inakuwa chuma. Nairobi mwenye pikipiki atahamia kampuni nyingine. Ntimaru kampuni nyingine haipo. Kwa hiyo kwa miji ya mbali ningependelea pikipiki ambayo betri yake inachomoka na kuchajiwa kwenye soketi yoyote, hata kama inachukua saa kadhaa.

Bado kuna mpaka. Isebania, upande wa Kenya, na Sirari, upande wa Tanzania, zina kituo cha pamoja cha forodha, na magari ya Tarime na Kuria hupita huku na huku kila siku. Kenya ikiegemea CCS2 na Tanzania ikajazwa GB/T, forodha itakuwa ya pamoja na chaja zitakuwa za nchi mbili. Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki hujadiliwa Arusha, na vya bidhaa nyingi vimekwisha kuoanishwa, kuanzia unga hadi saruji. Plagi ya gari iingie kwenye ajenda hiyo sasa, kabla ya mwekezaji wa kwanza kumwaga zege Isebania.